Chini ya Kiwango

Umeme ukikatika, kabla jenereta haijakohoa,
lazima mtu aseme:
"Mwiteni Sechelela, atumulikie."
Mwaka wa kumi na moja huu.
Aliyeuanzisha, mzee Yoktani wa stoo, amestaafu,
yuko Kongwa anafuga mbuzi.
Mzaha wake ukabaki ofisini, umerithiwa
pamoja na meza yake na droo isiyofunga.

Mimi ni afisa kinga ya mionzi.
Napima kuta za chumba cha eksirei,
napima mlango, napima nyuma ya mlango,
napima benchi wanapokaa wanaosubiri
na chupa zao za maji na kadi za bima.
Kazi yangu ikienda vizuri, hakuna kinachotokea.
Jaribu kumweleza hilo mhasibu.

Mhasibu ni Ndahani. Ana mizaha mitatu:
wa kung'aa gizani,
wa chai yangu kuchemka bila jiko,
na wa aproni. Huo anaupenda kuliko mshahara.
"Risasi kifuani! Bi Seche, vita viko wapi?"
Ni risasi ya madini, nilimwambia mwaka wa kwanza.
Mwaka wa pili nikatabasamu.
Kufika wa tano nilikuwa namjibu kabla hajamaliza,
kama muumini aliyezoea ibada.

Ungekasirika? Mtani hakasirikiwi.
Ukinuna, unaongezewa.

Upo na wa nne, hausemwi mbele yangu.
Niliusikia kupitia dirisha la kantini,
mlenda ukinipoa kwenye sahani:
"Ndiyo maana hana mtoto."
Wakacheka kwa sauti ya chini,
jinsi watu wanavyocheka msibani.

Kifuani nina beji, ndogo kama kiberiti.
Kila baada ya miezi mitatu inapelekwa Arusha
ikasomwe nimepokea kiasi gani.
Majibu hurudi yale yale: chini ya kiwango.
Siku ya mlenda haikusoma kitu.
Haikutengenezwa kwa hilo.
Lakini ndiyo iliyonifundisha kuhesabu:
si leo, si jana, ni jumla.

Julai, upepo umebeba vumbi lote la Nkuhungu
na kulipanga juu ya madirisha yetu,
Ndahani akaja mlangoni kwangu bila mzaha hata mmoja.
Binti yake ameanguka ukutani, mkono umevimba.
Hatulii bila kushikwa.
Mama yake yupo, ana mimba ya miezi minne.
"Aingie naye? Au... Seche, niambie."

Mama abaki nje, nikasema. Utamshika wewe.
Nikamvika aproni, nikamfunga mgongoni.
"Kumbe nzito," akasema. Basi.
Kisha akageuka kumtazama mkewe kwenye benchi.
Pale alipokaa pana nini?
Nimepapima jana, nikamjibu. Hakuna kitu.
Akalirudia neno hilo taratibu, kama mtu
anayehesabu noti ambazo hakuzitegemea:
hakuna kitu. Hakuna kitu.

Jumatatu umeme ukakatika saa kumi na moja jioni,
tukiwa ghorofani na mafaili mikononi.
Giza likaingia. Nikasubiri.
Hakuna aliyesema.
Ule ukimya, sitadanganya, nao ulinichoma;
nikausema mwenyewe:
"Msinitazame. Leo sijachaji."

Wakacheka kupita thamani yake,
hata yule wa dirishani, kicheko chake nakijua.
Ndahani hakucheka.
Nilimsikia akipapasa mifukoni, akiangusha funguo,
mpaka akaipata simu, akawasha tochi,
akaielekeza kwenye ngazi
nipite kwanza.